Msomaji wa Mwezi

Vishikwambi vilipoletwa maktabani kwetu Mbulu, kumi na viwili ndani ya boksi moja, jambo la kwanza nililofanya ni kuvihesabu. Jambo la pili ni kuvihesabu tena baada ya waliovileta kuondoka. Sikuwa na sababu ya kuwashuku wale vijana wa mradi uliovitoa. Walikuwa na adabu, walikunywa chai yangu, wakanifundisha kwa uvumilivu namna ya kuwasha na kuzima. Lakini kazi ya ukutubi nimeifanya miaka mingi, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kituo nilichotoka, kule Morogoro, kuna mtu alikuwa akikata kurasa za vitabu kwa wembe. Alikata vizuri, karibu kabisa na uzi, hata ukikifunga kitabu hujui. Sikumkamata mpaka nahamishwa. Tangu hapo kila anayeingia maktabani kwangu na koti kubwa namtazama mikono, na Mbulu kwa baridi ile hakuna asiye na koti kubwa.

Maelekezo yaliyokuja na vishikwambi yalisema siku hizi maktaba haimngoji msomaji, inamfuata aliko. Nifungue kundi la Wasapu. Nitume humo picha za vitabu vipya, kila Jumamosi nisome hadithi ya watoto kwa sauti na kuirusha, nijibu maswali ya watu. Kila mwisho wa mwezi nimtangaze Msomaji wa Mwezi, kwa picha na maneno mawili matatu, ili wengine wavutike. Vishikwambi vyenyewe vilikuwa vimejaa vitabu na vijitabu vya kilimo, afya na sheria, na mtu aliruhusiwa kwenda nacho nyumbani wiki nzima. Nilimpigia simu mkubwa wangu wa kazi kumuuliza kama hilo la wiki nzima si kosa la uchapaji. Akaniambia, "Dada, jifunze kuamini watu." Ni rahisi kuwaamini watu ukiwa mkoa mwingine.

Kilichonipoza moyo ni kitu nilichokigundua mwenyewe. Kwenye kompyuta ya mezani kwangu palikuwa na ukurasa unaoonyesha vishikwambi vyote kumi na viwili: kipi kimewashwa, saa ngapi, kimefunguliwa kitabu gani, msomaji amekaa ukurasa upi na kwa dakika ngapi. Vijana wa mradi walinionyesha jumla tu, ile ya kuweka kwenye ripoti. Mimi nikabonyeza zaidi, nikafika chini kabisa. Sitasema uongo, nilifurahi. Miaka yote nimekaa nikitazama visogo vya watu wanaosoma bila kujua wanasoma nini, na sasa nilikuwa nimepewa macho. Nikawa nafungua ukurasa huo kila asubuhi kabla hata ya kufungua madirisha.

Mtu wa kwanza niliyemshuku kwa sababu ya mambo haya mapya hakuwa hata na kishikwambi. Alikuwa mwalimu mmoja wa Hirbadaw, kule Hanang. Kwa kuwa hakuweza kuja mara kwa mara, aliniomba kwenye simu nimpigie picha kurasa za kitabu cha baiolojia na kumtumia, sura kwa sura. Nikamtumia, huku moyoni nasema huyu anazichapa na kuwauzia wanafunzi. Mbona ana haraka? Mbona anasisitiza michoro? Sura ya tano nikamchelewesha makusudi, nione atasemaje. Wiki iliyofuata akatuma picha kwenye kundi bila kuombwa: ubao wa darasa umejaa pembe hadi pembe, moyo wa binadamu umechorwa kwa chaki za rangi mbili. Alikuwa akiwahi shuleni kabla ya kengele kunakili sura nzima ubaoni, kwa sababu kitabu hicho shule haikuwa nacho. Chini ameandika, "Tunasubiri sura ya tano."

Niliona aibu kiasi kwamba mwezi huo nikamtangaza yeye. Watu wakamimina madole gumba na mioyo myekundu, mkuu wake wa shule akanipigia kushukuru, na mkubwa wangu wa kazi akaandika kwamba hivyo ndivyo inavyotakiwa. Nami nikajifunza somo baya nikidhani ni zuri, kwamba nikimshuku mtu bure, dawa yake ni kumsifu mbele za watu.

Mama mmoja wa kijiji cha Bashay alianza kuja majira ya vitunguu saumu. Alikuja kila Alhamisi akishauza mzigo wake sokoni, harufu ya vitunguu ikimtangulia mlangoni. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kama kumi na tano, amejifunga mtandio wa sufu wa kijani juu ya sweta. Alinisalimu vizuri, "Shikamoo mwalimu," maana hapa kila anayekaa na vitabu ni mwalimu. Kisha akaomba kishikwambi, na kila mara aliomba kile kile, namba saba. Hakukaa kwenye meza kubwa na wenzake. Aliburuta kiti mpaka pembeni, akaweka mgongo ukutani.

Alhamisi ya pili aliniuliza, "Mwalimu, mtu akisoma kwenye hiki, mwingine anaweza kujua?"

"Hapa kila mtu anasoma chake," nikamjibu, macho makavu.

"Na akimaliza, anaweza kufuta?"

"Unataka kufuta nini?"

Akasema hakuna kitu, akaenda zake pembeni.

Sasa mtu mwenye akili kama yangu afanyeje? Vishikwambi vinaruhusiwa kwenda nyumbani, yeye hataki kwenda nacho. Wenzake huitana na kuonyeshana picha, yeye mtu akipita karibu anakilaza kifuani. Nikajiambia ama ni kamari, ama ni mganga wa mtandaoni, ama ni mwanaume. Nilielekea zaidi kwenye mwanaume, kwa sababu midomo yake ilikuwa ikicheza muda wote na mara nyingine alitikisa kichwa. Wiki nzima nilijizuia. Alhamisi iliyofuata, alipotoka tu mlangoni, nikafungua namba saba kwenye kompyuta yangu.

Hapakuwa na mwanaume. Palikuwa na kijitabu kimoja cha sheria, kinachoeleza jinsi mwanakijiji anavyoomba hati ya kimila ya shamba lake. Alikuwa amekifungua kila alipokuja, na humo ndani alikuwa amekaa kwenye kurasa mbili tu, saa nzima nzima. Midomo ilikuwa ikicheza kwa sababu alikuwa anasoma silabi kwa silabi.

Nikajisikia vibaya, na mimi nikijisikia vibaya huwa mwema kupita kiasi. Alhamisi zilizofuata nilimwekea chai. Nikampa kiti chenye mto, ambacho ni changu. Naye taratibu akaanza kunizungumzisha. Akaniambia mume wake amefariki, huu mwaka wa pili, na amemwachia watoto watatu. Shamba lao linateremka mpaka kwenye kijito, na sehemu ile ya chini yenye maji ndiyo ya vitunguu saumu, ndiyo inayowasomesha watoto. Halikuwahi kuandikwa popote. "Nataka liandikwe kabla watu hawajaanza kusema," aliniambia. Sikumuuliza watu gani. Nilichokiona mimi ni mwanamke anayesoma polepole na anaona haya kuonekana. Hiyo ndiyo siri niliyodhani anaificha, nikaona ni siri ya kumsaidia mtu kuitoa, wala si ya kumtunzia.

Siku ya mwisho ya mwezi iliangukia Alhamisi. Nilikuwa sijapata wa kumtangaza. Nikanyanyua simu pale pale mezani nikampiga picha akiwa ameinamia kishikwambi, uso hauonekani, mtandio wa kijani umeshuka begani. Nilikusudia kumwomba ruhusa kabla sijaituma. Nilipomaliza kumhudumia mtu mwingine yeye alikuwa ameshaondoka kuwahi gari, na mimi nilitakiwa kumtangaza mtu siku hiyo hiyo. Nikaandika: "Msomaji wetu wa Mwezi ni mama mjane, mkulima wa vitunguu saumu kutoka Bashay. Anajisomea namna ya kupata hati ya kimila ya shamba lake. Mficha uchi hazai! Tumpongeze." Jina sikuliweka. Kwa hilo nilijiona mwangalifu sana.

Madole gumba yalikuja mengi kuliko ya mwalimu wa Hirbadaw. Mtu mmoja akaandika kwamba mama zetu wanaamka. Mwingine akauliza kijitabu hicho kinaitwaje, nikamwelekeza. Usiku huo nililala vizuri.

Jumatatu asubuhi akaingia mzee wa miaka sitini hivi, koti jeusi limepigwa pasi, kofia ameishika mkononi. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, akauliza habari za nyumbani, za kazi, za mvua za huko kwetu nilikotoka, na hakuharakisha hata moja. Kisha akasema, "Nimekuja kushukuru. Huyu mliyemsifu kwenye simu ni shemeji yangu, mke wa marehemu mdogo wangu. Mimi nakaa Nambis, simwoni mara kwa mara. Picha nimeonyeshwa jana, tukitoka kanisani."

"Karibu sana, mzee."

"Sasa na mimi naomba nisome hicho hicho alichosoma. Nisije nikaachwa nyuma na shemeji." Akacheka kidogo.

Nilimshuku pale pale. Naomba hilo lieleweke. Kuna namna mtu anavyoshukuru mpaka unajisikia kuangalia kama mkoba wako bado upo. Lakini kila sababu niliyoishika ya kumshuku niliikuta nimeshawahi kuitumia na ikaniaibisha. Ana haraka ya kuja? Mwalimu wa Hirbadaw naye alikuwa na haraka. Anataka kijitabu kimoja tu? Hata shemeji yake alitaka hicho kimoja tu. Nikajiambia, wewe mama, acha tabia yako. Maktaba ni ya wote, na sheria ya nchi haina mtu wa kunyimwa. Nikamletea kishikwambi. Hata namba sikuichagua, ila ilitokea kuwa saba, kwa kuwa ndicho kilichokuwa na chaji.

Akakitazama kwa mbali, akakisogeza, akanirudishia. "Miwani nimeiacha nyumbani. Unaweza kunisomea, mwanangu?"

Nikavuta kiti nikamsomea. Nilisoma vizuri, kwa sauti yangu ya Jumamosi, ile ya hadithi za watoto. Alisikiliza amefumba macho, kofia juu ya goti. Nilipofika mahali panaposema mwombaji ataonyesha mipaka yake mbele ya majirani wanaopakana naye, akafumbua.

"Hapo rudia."

Nikarudia.

"Kwa hiyo majirani wasipofika mpakani?"

"Basi ombi haliwezi kuendelea, mzee, mpaka wafike."

"Rudia tena, nishike vizuri."

Nikarudia tena. Akasema ni vizuri, serikali imefikiria, jirani ndiye ndugu. Akanishukuru, akaniombea baraka za kazi, akasaini daftari la wageni mlangoni na kuondoka. Yote kwa yote hakukaa hata nusu saa. Baadaye nilipokwenda kulifunga daftari niliona alivyoandika: herufi ndogo, nzuri, zimelala juu ya mstari bila kuutoka hata mahali pamoja. Nilizitazama muda. Kisha nikajiambia kuna watu wanaona mbali na wengine wanaona karibu, na nikafunga daftari.

Alhamisi hiyo mama wa Bashay hakuja. Wala iliyofuata. Katikati ya wiki mtu mmoja wa kwenye kundi alituma ujumbe wa sauti, mtulivu kabisa: "Mwalimu, samahani, mimi naomba kuuliza. Huyo mama alipokuwa anasoma, wewe ulijuaje anasoma nini?" Ujumbe ukakaa pale, watu wakawa wanausikiliza mmoja mmoja, na hakuna aliyeuwekea dole gumba. Toka siku ile wasomaji maktabani wakaanza kusoma wamefunika vishikwambi kwa makoti. Wengine walivirudisha kabla ya wiki kuisha, wakaomba kitabu cha karatasi. Mimi niliyezoea kuwatazama wao mikono, sasa wao walikuwa wakiitazama yangu. Nikaifuta ile picha kwenye kundi, ingawa maji yakimwagika hayazoleki.

Alhamisi ya tatu ilipopita nikapanda bodaboda kwenda Bashay. Sikujua nyumba, nikawa nauliza njiani. Wanawake wawili walikuwa wamekaa kwenye jamvi wanachambua vitunguu saumu. Niliwasalimu, wakaitikia, na mmoja akaniuliza, "Wewe ndiye wa maktaba?" Nilipokubali akavuta kanga kichwani mpaka machoni. Mwenzake akanyoosha mkono kuonyesha njia, lakini alikuwa anatazama simu niliyoishika. Nikaitia ndani ya mkoba, nikafunga zipu, na wao wakaendelea kuniangalia mpaka nikaingia kwenye kona.

Nyumba yake ni ya bati, zizi dogo ubavuni. Alikuwa anapeta maharage. Aliniona, akaweka ungo chini, akapangusa mikono, akanisalimu shikamoo kama alivyonisalimu siku zote. Akanikaribisha ndani, akasafisha kikombe mara mbili, akachemsha chai ya maziwa. Hakuniuliza nimefuata nini. Huku mgeni hunywa kwanza. Nikanywa, na kila niliponyanyua kikombe nilitafuta mahali pa kuanzia, mwisho akaanza yeye.

"Nilienda kwa majirani, mwalimu. Ijumaa ya wiki ile niliyoacha kuja. Nilikuwa nimeshakielewa chote, nikajua sasa kilichobaki ni majirani. Wa juu akasema ana ng'ombe anaumwa. Wa pembeni akasema mpaka haukumbuki vizuri, na tumelima naye miaka kumi na miwili. Wa tatu ni mama mtu mzima, yeye hawezi kudanganya. Akaniambia shemeji alipita kwao wote Jumatatu jioni, ametoka kwako maktaba, akawaambia hii ni habari ya ukoo, wasije wakaingia katikati."

"Na halmashauri ya kijiji?"

"Inasema nije na majirani."

Kutoka pale mlangoni paliteremka shamba lake mpaka kwenye kijito. Sehemu ya juu ilikuwa na mabua. Sehemu ya chini ilikuwa imelimwa upya, udongo mweusi umefunuliwa, na ng'ombe wawili wa kulimia walikuwa wamefungwa kwenye mti ng'ambo ya maji. Aliona ninakotazama. "Shemeji amesema atanitunzia mpaka watoto wakue," akasema. Mtoto wake mkubwa yuko darasa la nne.

Nikaanza kuomba msamaha. Nilisema mengi: kwamba jina sikuliweka, kwamba nia yangu ilikuwa njema, kwamba nitakwenda naye wilayani kwa watu wa ardhi, nitasimama mwenyewe niseme. Aliitikia kila kitu kwa heshima, "asante mwalimu," "asante," kama unavyomwitikia mtu anayekuuzia kitu usichokihitaji. Nilipoishiwa maneno, akauliza.

"Siku shemeji alipokuja maktaba, alisoma mwenyewe?"

Ningeweza kusema ndiyo. Hakuna ambaye angejua, ile kompyuta yangu inaonyesha ukurasa tu, haionyeshi sauti. "Nilimsomea," nikasema.

"Yote?"

"Yote."

"Hata pale pa majirani?"

"Pale alitaka nirudie. Nikarudia mara mbili."

Alitikisa kichwa polepole, kama alivyokuwa akitikisa kule pembeni. Hakukunja uso. Akasema, "Mimi siku ya kwanza kabisa nilikuomba unisomee. Ulisema una kazi nyingi, nijikaze tu nitazoea. Nikajikaza. Zile kurasa mbili zilinichukua Alhamisi tisa."

Sikukumbuka. Nilimtazama, nikajitafuta siku ile, na sikuona kitu isipokuwa mwanamke mwenye koti na harufu ya vitunguu, nami nikimtazama mikono. Akachukua birika, akanijazia kikombe, akaniuliza kama sukari inatosha.